TAHADHARI: Tapeli wa kempa (magari ya kulala) za Innsbruck, Austria, anaongea Kiswahili safi

Ndugu zangu mlioko Ujerumani, Austria na Uswisi, someni hii kabla hamjatuma hata senti. Nimetapeliwa euro 990.

Nilitaka kumtembeza mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua. Nilitafuta kempa ya wiki moja ili magoti yake yapumzike: tukiona pazuri tunasimama, tukichoka tunalala. Tangazo lililetwa kwenye grupu la WhatsApp, na mwenye tangazo akapiga simu. Kiswahili safi, anasema mkewe ni wa Tanga. Akaomba aongee na mama. "Shikamoo mama, magoti yanaendeleaje?" Mama akaitika marahaba, akamwombea dua.

Akatupangia mpaka njia. Tutoke Innsbruck hadi Landeck, tupande taratibu hadi Reschen, njia ya mlimani kwenye mpaka wa Austria na Italia, tuone mnara wa kanisa unaochomoza ziwani tangu kijiji kilipozamishwa mwaka 1950, halafu tushuke bonde la Vinschgau upande wa Italia, katikati ya mashamba ya matufaha. Barabara ya mlima wa Stelvio akatukataza: "Upande ule kona 48, mama atatapika." Jamani, mtu anayemjali mama yako hivyo utamshuku vipi? Nilipouliza gesi akatuma video anafungua kabati la mitungi, miwili ya kilo 11, anaigonga kwa kidole nisikie imejaa.

Jumatano usiku, saa nne kasoro, mama anakunja vitenge vyake mezani. Ujumbe ukaingia: kuna Mjerumani analitaka gari hilohilo, tuma sasa hivi. Siku saba kwa euro 70 ni 490, na dhamana 500 utarudishiwa. Nikaingiza namba ya akaunti. Benki ikaleta onyo: jina halilingani na akaunti. Nikamuuliza. "Ni ya kampuni dada, wewe bonyeza endelea." Kidole kilisita juu ya kioo, naapa kilisita, halafu nikabonyeza. Malipo ya papo hapo, sekunde chache hela haipo.

Ijumaa tukashuka Innsbruck kwa treni, mama kabeba na mchele wake. Anwani tuliyopewa ni duka la matairi. Mlangoni wamebandika karatasi kwa selotepu: hapa hatukodishi magari ya kulala. Karatasi yenyewe imeshapauka kwa jua! Yaani tumepita wangapi pale? Mama ananiuliza, "Kijana mwenyewe yuko wapi?" Nikakosa la kumjibu.

Huyu mtu afungwe. Asipigwe faini akaachiwa, afungwe, na kila senti airudishe. Unamwamkia mama wa mtu shikamoo huku mkono uko kwenye pochi yake! Laana ya dua ile imfuate popote alipo.

Sasa ndiyo nayaona. IBAN, yaani ile namba ya akaunti, ilianza na LT, ni Lithuania, ya Austria huanza na AT. Wenye kempa wengine wote walinitajia zaidi ya 120 kwa siku kwa mwezi wa saba. Na stika ya kulipia barabara kuu kwenye kioo, Austria ilikuwa ikibadilisha rangi yake kila mwaka, ile ya kwenye video ilikuwa ya zamani. Video ya kuokota. Jina silitaji, maana pasipoti aliyonitumia huenda kamwibia mtu asiye na hatia.

Kama umetumiwa video ya gari jeupe, pazia za kijani, mitungi inagongwa kwa kidole, njoo inbox leo hii. Polisi Munich nimeshafungua kesi, namba ya faili nitakupa.