JASP kwa mazoezi ya takwimu za saikolojia: inapokusaidia na inapokuacha peke yako

Mwanafunzi wa saikolojia akiniuliza afanyie mazoezi ya takwimu za msingi kwenye programu gani, namwambia JASP. Ni ya bure, lakini sababu yangu kubwa si hiyo. Ukigusa chaguo moja tu, jedwali la matokeo linabadilika papo hapo bila kubofya kitufe cha kuthibitisha, kwa hiyo unaona kila uamuzi unafanya nini kwenye namba. Kasoro yake ni moja na ni nzito: haikuulizi utafiti ulipangwaje. Hapo ndipo mazoezi mengi yanapoharibika.

Programu imetengenezwa Chuo Kikuu cha Amsterdam, msimbo wake uko wazi, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na hesabu zake kwa sehemu kubwa zinafanywa na R, lugha ya kompyuta ya takwimu. Inasoma faili za CSV na za SPSS, programu nyingine ya takwimu. Ukihifadhi, data, chaguo ulizoweka na matokeo vinaingia vyote kwenye faili moja, na anayekusahihisha akilifungua anaona hasa ulichagua nini. Ndani yake kuna maktaba ya data za mazoezi zilizopangwa kwa aina ya jaribio. Hiyo maktaba ni nzuri, ila ina hatari yake: ukifungua kabrasha la majaribio ya t, yaani ya kulinganisha wastani mbili, tayari umeshapewa jibu la swali gumu kuliko yote, yaani ni jaribio gani linafaa. Ndiyo maana napendekeza uanze na data unazoziingiza kwa mkono.

Zinazofaa kuliko zote kwa mwanzo ni data za usingizi alizozitumia William Gosset, aliyeandika kwa jina la Student, katika makala yake ya mwaka 1908 iliyoleta jaribio la t. Wagonjwa 10 walipewa dawa mbili za usingizi kwa nyakati tofauti, na kila namba ni saa za usingizi zilizoongezeka. Dawa ya kwanza: 0.7, −1.6, −0.2, −1.2, −0.1, 3.4, 3.7, 0.8, 0.0, 2.0. Dawa ya pili, kwa mpangilio uleule wa wagonjwa: 1.9, 0.8, 1.1, 0.1, −0.1, 4.4, 5.5, 1.6, 4.6, 3.4.

Ziandike kwa namna mbili. Faili la kwanza liwe na mistari 10, mgonjwa mmoja kwa kila mstari, na safu mbili za dawa. Faili la pili liwe na mistari 20: safu moja ya saa za usingizi, nyingine ya kundi, 1 au 2. Namba ni zilezile 20. Wastani wa dawa ya kwanza ni 0.75, wa pili 2.33, tofauti ni saa 1.58, na hakuna kitakachobadilisha hayo.

Sasa fungua faili la pili ufanye jaribio la t la makundi huru. JASP haitakukatalia. Utapata t = −1.86 (tofauti ya wastani ikipimwa dhidi ya mtawanyiko wa data) na p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kama dawa hazitofautiani, ya takriban 0.079, na kwa kigezo cha 0.05 utaandika kwamba hakuna tofauti ya kutosha. Fungua faili la kwanza ufanye jaribio la t la jozi: t = −4.06, digrii za uhuru 9, p = 0.003, na wigo wa uhakika wa asilimia 95 kwa tofauti hiyo unaanzia saa 0.70 hadi 2.46. Hitimisho limegeuka kabisa, na programu haikutoa onyo lolote upande wowote.

Kisa chake kinaonekana kwenye data zenyewe. Wagonjwa wanatofautiana sana: aliyelala vizuri kwa dawa moja kwa kawaida alilala vizuri kwa nyingine pia. Jaribio la makundi huru linaihesabu tofauti hiyo ya mtu na mtu kama kelele, na kelele inaifunika athari. Jaribio la jozi linamlinganisha mgonjwa na nafsi yake, kwa hiyo kelele hiyo inatoka. Mwanafunzi anayepokea data katika umbo refu, mistari 20, hudhani umbo la faili ndilo linaloamua jaribio. Haliamui. Kinachoamua ni kama ni watu walewale waliopimwa mara mbili au ni watu tofauti. Andika sentensi hiyo kwenye karatasi kabla hujafungua programu.

Usiishie hapo, kwa sababu data hizi zina mengi ndani. Weka tiki kwenye ukubwa wa athari. Kwenye jozi, d ya Cohen, yaani tofauti ya wastani ikigawanywa kwa mchepuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko), inatoka 1.28, kwenye makundi huru ni 0.83. Zote mbili ni sahihi kihesabu: ya kwanza inagawanya kwa mchepuko sanifu wa tofauti za jozi, ya pili kwa mchepuko wa pamoja wa makundi mawili. Kwa hiyo ni kosa kuchukua d ya utafiti wa jozi na kuilinganisha moja kwa moja na d ya utafiti wa makundi huru, na kwenye ripoti useme d yako imetoka wapi.

Kisha weka tiki kwenye kipimo cha Shapiro-Wilk, kinachoangalia kama data zinafuata mgawanyo wa kawaida. Kwa jozi, JASP inapima tofauti, si kila safu peke yake, na inafanya sawasawa kabisa. Wengi wakifanya kwa mkono hupima safu. p inaangukia chini ya 0.05, dalili kwamba tofauti hazifuati mgawanyo wa kawaida. Sababu ni mgonjwa wa 9, ambaye tofauti yake ni 4.6 huku wengine wote wakiwa kati ya 0 na 2.4. Mtoe kwa muda kwa kutumia kichujio. Wengi hutarajia t ipungue, maana tofauti ya wastani inashuka kutoka 1.58 hadi 1.24. Lakini t inapanda, inafika 5.66 bila kuhesabu alama ya kutoa, kwa kuwa mchepuko sanifu nao umeshuka kutoka 1.23 hadi 0.66. Zoezi hilo moja linaeleza uhusiano wa wastani, mtawanyiko na t kuliko kurasa nyingi za maelezo. Mrudishe mgonjwa wa 9 kabla ya kuendelea; kumfuta mtu kwa sababu tu yuko mbali na wengine si halali.

Njia ya kawaida hapo ni kuweka tiki kwenye Wilcoxon, jaribio linalotumia nafasi za tofauti badala ya ukubwa wake, lililo kwenye ukurasa uleule. Linaacha jozi ya mgonjwa wa 5 kwa kuwa tofauti yake ni sifuri, na jozi 9 zilizobaki zote zinaelekea upande mmoja. p inakuwa karibu 0.009, na hitimisho linasimama.

Kwenye makundi huru ya kweli kuna tiki moja ninayoisisitiza. JASP inaanza na jaribio la Student, ambalo linachukulia kwamba makundi yana mtawanyiko sawa. Weka tiki pia kwa Welch, ambalo halidai usawa huo, na makundi yakiwa na idadi tofauti ya watu, ripoti Welch.

Matatizo ya dodoso ni habari nyingine, na hapa programu inahitaji macho. Safu ya namba nzima yenye thamani chache, kama majibu ya 1 hadi 5, inaweza kusomwa kuwa ya makundi badala ya kipimo. Angalia alama ndogo iliyo kando ya jina la kila safu: rula ni kipimo, nguzo zinazopanda ni mpangilio, duara tatu ni makundi. Bofya alama hiyo urekebishe.

Hatari zaidi ni majibu yaliyokosekana yaliyojazwa 99. Kisanduku kitupu JASP inakitambua, 99 haiitambui mpaka uiambie. Chukua dodoso lenye alama 0 hadi 27, watu 9 wenye wastani wa 12, na wa kumi aliyeandikiwa 99: wastani unaruka hadi 20.7. Ndiyo maana hatua ya kwanza siku zote ni jedwali la maelezo, sehemu ya "Descriptives", na unasoma thamani ndogo na kubwa kabisa kabla ya wastani. Kubwa ikizidi mwisho wa dodoso, simama.

Kuna pia maswali yaliyogeuzwa. Kipimo cha kujithamini cha Rosenberg kina maswali 10, na 5 kati yake yameulizwa kinyume. Sehemu ya kupima uthabiti, unayoiwasha kwa alama ya kujumlisha iliyo juu kulia, inakuruhusu kutaja maswali hayo, na alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha maswali yanakubaliana kiasi gani, inatoka sawa. Tatizo ni kwamba inayageuza kwa ajili ya alfa peke yake. Safu zako za data zinabaki kama zilivyokuwa. Ukijumlisha alama baadaye bila kutengeneza safu mpya, jumla yako ni ya uongo hata kama alfa ilipendeza. Kwa majibu ya 1 hadi 4, safu mpya ni 5 kutoa jibu. Alfa ikitoka ndogo ajabu au hasi, tafuta kwanza swali lililosahaulika kugeuzwa.

Kwa uhusiano wa vigeu viwili, ingiza data nne alizochapisha Francis Anscombe mwaka 1973. Zote zina wastani wa x wa 9, wa y wa 7.5, na r, kipimo cha nguvu ya uhusiano, ya 0.82. Washa grafu ya nukta na uone: moja ni wingu la kawaida, moja ni mkunjo, moja ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyotoroka, na ya nne haina uhusiano wowote ila nukta moja inayouvuta mstari. Ukishaziona, hutaripoti tena r bila grafu.

Wepesi wa JASP ndio ninaouogopa pia. Kwa kuwa kila tiki inaleta p mpya mara moja, ni rahisi kubadilisha jaribio la pande mbili kuwa la upande mmoja (linalotafuta tofauti ya mwelekeo mmoja tu), kuchuja watu wawili, kujaribu jaribio jingine, mpaka p ishuke chini ya 0.05. Andika nadharia tete, jaribio na upande wake kabla ya kufungua data, na ukibadili chochote baadaye, tumia nafasi ya maelezo kwenye matokeo kusema kwa nini.

Sehemu za Bayes, njia nyingine ya takwimu isiyotegemea p, ziko kando ya zile za kawaida. Ziache mpaka uweze kueleza p kwa maneno yako mwenyewe. Na kama unapendelea kuandika na kurekebisha data kwenye jedwali kama la hesabu tangu mwanzo, jaribu jamovi, programu nyingine ya takwimu, nayo ya bure. Matoleo ya zamani ya JASP yalikulazimisha kurekebisha data kwenye programu nyingine, kwa hiyo hakikisha umesakinisha toleo jipya.