Huduma kwa Jamii badala ya Gereza la Isanga, Dodoma: nyota nne kati ya tano

Kosa la kujiuza barabarani, chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungo chake huhesabiwa kwa miezi. Hapo ndipo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inapofaa: kifungo kisichozidi miaka 3 kinaweza kugeuzwa kazi ya umma isiyo na malipo.

Anayenufaika kwanza ni mlipakodi. Mfungwa Isanga anahitaji chakula, askari wa zamu, matibabu na mafuta ya karandinga. Mwanamke anayefagia wodi za hospitali ya umma analala kwake, watoto wanakula, na kama anatumia ARV hakatishi dozi.

Mshitakiwa huridhia, ofisa wa huduma kwa jamii humchunguza na kuandika ripoti, kisha hakimu hutoa amri. Ripoti ndiyo hukwama, na hapo tumekata nyota. Anayelala gesti, au aliyepanga chumba Nkuhungu bila mwenyekiti wa mtaa kumfahamu, hana wa kuthibitisha makazi yake, basi anaendelea kusota mahabusu. Ndugu wapeleke barua ya serikali ya mtaa mapema, kabla ya hukumu.

Wanaotaka adhabu ya kujiuza ipande hadi miaka 5 watazame gharama zake. Hakimu akimpa mtu zaidi ya miaka 3, njia hii haipo tena. Na kifungo kikiwa kirefu, wachache watakiri. Kesi itataka mashahidi, itaahirishwa, na askari wa doria atashinda kordo ya mahakama badala ya lindoni.