Shira ya mepo kutoka Kanada, pamoja na uji wa wimbi

Chupa ya mililita 250 niliyoinunua katika duka moja kubwa la Westlands, Nairobi, kwa bei iliyozidi shilingi 1,000, ilipangwa kwenye rafu ya vyakula vya afya, na juu yake kulikuwa na kibao kilichodai kwamba shira ya mepo (maple syrup) ni sukari salama kwa wenye kisukari. Kibao hicho kinapotosha.

Shira hii hutokana na utomvu wa mti wa mepo, unaokingwa Kanada na kaskazini mashariki mwa Marekani wakati baridi inaelekea kwisha, usiku ukigandisha na mchana ukiyeyusha. Takribani lita 40 za utomvu huchemshwa mpaka ibaki lita 1, ambayo theluthi mbili yake ni sukari, hasa sukrosi, ileile tunayokoroga kwenye chai. Kijiko kikubwa kina kalori zipatazo 52 na gramu 12 za sukari. Ni kweli kwamba kijiko hicho kina madini ya manganisi ya kukidhi karibu robo ya mahitaji ya siku, pamoja na vitamini B2 kiasi. Lakini manganisi hiyo imo tele katika chai, maharagwe na nafaka, vitu ambavyo jiko la Nairobi halivikosi. Kalsiamu yake ni ya kuonja tu, na wimbi unaishinda kwa mbali. Sukari ya damu huipandisha polepole kidogo kuliko sukari nyeupe, ila huipandisha, na Shirika la Afya Duniani huihesabu pamoja na asali katika sukari zinazopaswa kupunguzwa.

Kwa ladha sina lalamiko. Nilipoiinua dirishani ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, nyepesi kuliko asali ya Baringo, yenye harufu ya sukari iliyoungua kidogo na kuni. Juu ya chapati za maji ilinoga sana. Katika uji wa wimbi uliochachuka ilipotea kabisa, nikajutia vijiko viwili.

Anayeinunua asome orodha ya viungo: iwe ni mepo pekee, kwa sababu chupa nyingi za bei nafuu ni shira ya mahindi iliyotiwa ladha na rangi. Ikishafunguliwa ikae kwenye friji, kwani huota ukungu. Mama mkwe, ambaye ana kisukari, aliiomba baada ya kusikia habari za kile kibao. Nilimtilia chai isiyo na sukari.