Kijimlango cha paka Dar: kipi ununue, na umfundisheje kukitumia

Nyumba nyingi za Dar zina milango mitatu kwenye fremu moja: wa mbao, grili ya nondo, na wa wavu wa mbu. Mchana ule wa mbao unaachwa wazi ili upepo upite, grili ina kufuli, wavu umerudishiwa. Nondo hazimsumbui paka, anapenya. Kinachomzuia ni wavu, na ndiyo maana nyavu za milango ya jikoni huwa zimechanika kona ya chini, mbu wanaingia watakavyo ikifika saa kumi na mbili jioni.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela ya kijimlango, yaani tundu dogo mlangoni lenye kibao ambacho paka anakisukuma na kupita mwenyewe, angalia mnyama wako anazuiwa na nini hasa. Vijimlango vingi vimebuniwa kwa nchi za baridi, ambako kazi kubwa ni kulinda joto lisitoke ndani. Sisi joto tunataka litoke, mbu asiingie, na kibaka asipate pa kupitishia mkono. Nimevipanga kuanzia kinachowafaa watu wengi hapa.

1. Kijimlango cha wavu

Ni fremu mbili za plastiki zinazobana wavu, moja ndani moja nje, na katikati kuna kibao chepesi kinachoning'inia na kurudi mahali pake kwa sumaku. Unabana, unakata wavu kwa wembe kufuata fremu, basi. Hakuna mbao iliyotobolewa, hivyo hata mpangaji anaweza. Siku ya kuhama unang'oa chako, unamwita fundi aluminiamu abadilishe wavu, mwenye nyumba hana neno. Usiku unafunga mlango wa mbao kama siku zote, usalama haujapungua.

Dukani kijaribu papo hapo. Sukuma kibao kwa kidole, kiachie. Kikirudi na kusimama wima bila kuacha mwanya, chukua. Kikibaki kimeinama, kirudishe, hata kama muuzaji anakuambia kitakaa sawa kikizoea. Mbu anayeeneza homa ya dengi anauma mchana, kwa hiyo mwanya huo si jambo dogo.

Halafu fikiria wavu wenyewe. Ule laini wa kijivu wa fibaglasi haushindani na kucha. Kuna wavu mnene wa poliesta uliopakwa plastiki, unaotengenezwa kwa ajili ya nyumba zenye wanyama. Ukiuona ghali, weka nusu ya chini ya mlango tu, huko juu paka hana shughuli nako. Wanaokaa karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, waachane na wavu wa chuma. Chumvi itaumaliza.

Udhaifu wake ni kwamba ni wa paka na vijibwa vidogo. Mbwa wa kilo 20 akipita mbio ataondoka na fremu shingoni.

2. Cha plastiki chenye komeo la njia nne

Hiki ni cha nyumba ambayo mlango wa nyuma unafungwa kutwa, ama kwa sababu ya kiyoyozi, ama kwa sababu watu wote wanashinda kazini. Komeo linakupa hali nne: kuingia na kutoka, kuingia tu, kutoka tu, na kufunga kabisa. Hiyo ya "kuingia tu" ndiyo inayolipa bei yake. Unaiweka alasiri, paka akirudi kula magharibi hatoki tena.

Gharama yake halisi iko kwenye tundu. Mlango wa mninga ni mgumu kukata lakini ukishakatwa umetulia. Mlango wa flashi una uwazi ndani. Fundi asipojaza kingo za tundu kwa mbao, mvua za masika zitaingia na mlango utavimba. Kwenye aluminiamu usikubali paneli nzuri itobolewe: agiza paneli ya chini nyingine, ya zamani uihifadhi. Kioo cha tempa hakikatwi kabisa, kinapasuka chote vipande vidogo vidogo.

Paka mkubwa anatosha kwenye nafasi ya takriban sentimita 15 kwa 15, na ukingo wa chini uwe usawa wa tumbo lake, yaani sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni. Kisha piga magoti nje, ingiza mkono wako, uone unafika wapi. Vibaka wa mji huu wanavua suruali dirishani kwa mti wenye ndoano; mkono ukiongezewa mti usifikie kitasa wala funguo zinazoning'inia.

3. Cha kuchongesha kwa fundi

Seremala wa Keko anaweza kukutengenezea kwa bei ambayo cha dukani hakiigusi, na kwa vipimo vyako. Shida ni mbao na bawaba: kibao kinavimba masika kikagoma, na bawaba za bei rahisi zinaota kutu. Mwambie asitundike mbao. Atundike kipande cha mpira mzito au plastiki nene inayoonyesha upande wa pili, kishuke mpaka chini, na pembeni aweke kibati cha kuteremsha cha kufungia usiku. Kwa banda au stoo, mimi ningechukua hiki na nisihangaike na kingine.

4. Kinachosoma chipu

Paka anawekewa chipu ndogo chini ya ngozi na daktari wa mifugo, yenye namba ya tarakimu 15. Kijimlango kinaisoma na kumfungulia yeye peke yake. Kinatumia betri, kwa hiyo umeme ukikatika hakijali. Bei yake ni mara kadhaa ya kile cha komeo, na kina maana kwa mtu mmoja tu: yule ambaye mapaka shume ya mtaani yanaingia kula chakula na kukojolea makochi. Kama mlango wako ni wa chuma, uliza kwanza, maana chuma kinaweza kuvuruga usomaji.

Vinavyofunguliwa na sumaku iliyo kwenye kola ya paka ni vya bei nafuu zaidi, lakini kola hiyo inaokota misumari na vifuniko vya soda.

5. Cha mbwa mkubwa

Sikipendekezi. Anapopita mbwa wa ulinzi anapita mtoto, na mtoto ndiye anayetumwa na vibaka kufungua mlango kwa ndani. Isitoshe, mbwa wengi hapa wanalala nje, na kwenye nyumba nyingi za Kiislamu hawaingii kabisa. Pesa hiyo iboreshe banda lake.

Kumfundisha

Anza na tundu tupu. Inua kibao, kibandike kwa selotepu, na weka dagaa upande wa pili muda mfupi kabla ya mlo, akiwa na njaa. Akishapita bila kusita, shusha kibao nusu na kukishikilia kwa kibanio cha nguo. Kila anapozoea, kishushe kidogo. Sumaku ibandikie tepu mwanzoni, kwa sababu ule mlio wa "tak" nyuma ya mkia ndio unaowakimbiza wengi. Mfundishe kuingia na kutoka kila upande peke yake. Paka anayejua kutoka anaweza kukaa nje analia kana kwamba ukuta umezibwa.

Usimsukume kichwa. Akilazimishwa mara moja tu anaweza kukichukia kijimlango.

Kazi ngumu zaidi ni kuwafundisha watu. Paka akilia na dada au watoto wakamfungulia mlango, wamefundishwa wao. Kubalianeni nyumba nzima kwamba hafunguliwi, anaitwa tu kwa jina upande wa pili na kuonyeshwa dagaa.

Kabla hajaachiwa awe amechanjwa kichaa cha mbwa, maana paka naye anaugua, na awe amehasiwa. Aliyehamia karibuni mweke ndani wiki mbili tatu kwanza, la sivyo ataondoka kutafuta kwao.

Akishazoea, tegemea wageni. Atakuletea panya hai na kumwachia chini ya friji. Ukimwona panya anapepesuka mchana kweupe, huyo kala sumu kwa jirani: mnyang'anye paka panya huyo, usimshike kwa mkono mtupu, akifa mfukie kwa kina. Zungumza na majirani wajue una paka. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda na dalili huchelewa siku kadhaa, kwa hiyo ukiona fizi zimepauka au zinatoa damu, au paka amelegea na hataki kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Vitamini K ikiwahi, wengi wanapona.