Kisu, mashine ya umeme na leza: nilivyoona vidonda vikipona

Mimi ni daktari wa mifugo, vyote vitatu nimevitumia kwa mbwa na paka, na kwa ngozi bado sijaona cha kushinda kisu cha kawaida. Bledi namba 15 kwenye kipini namba 3 inakupa kingo safi, nyama ya pembeni iko hai kabisa, ukishona vizuri inashikana mapema. Shida yake ni damu tu, unakata huku unafuta na shashi.

Hapo ndo mashine ya umeme inasaidia, ile inayokata nyama na kugandisha damu kwa umeme, nikishapita ngozi nikafika kwenye misuli naiwasha. Ila jamani, wengi wanaiacha kwenye kugandisha damu hata wakati wa kukata, nyama inakuwa nyeusi inanuka, na ile iliyoungua mwili lazima uiondoe kwanza ndo ujenge mpya, baadae unashangaa mshono unatoa majimaji. Weka kwenye kukata, ncha nyembamba, pita haraka usigande sehemu moja. Lile bamba la chini ya mnyama linalorudisha umeme kwenye mashine nalo liguse mwili vizuri la sivyo mnyama anaungua mahali hujagusa kabisa, na spiriti uliyopaka ikauke kwanza maana inashika moto.

Leza ya CO2, yaani ya gesi ya kaboni dioksidi, naipenda sana mdomoni. Mwanga wake wa nanomita 10,600 unanyonywa na maji yaliyomo kwenye nyama kwa hiyo hauzami ndani, na mishipa midogo chini ya nusu milimita inajiziba yenyewe. Chukua kaakaa laini la mbwa wa pua fupi kama pug, kule nyuma ya koo damu kidogo tu huoni kitu na uvimbe ukija unaziba hewa, kwa leza panabaki pakavu unaona kila unachokata. Mpira wa kupumulia uzungushie shashi iliyolowa maji, oksijeni na leza vikikutana ni moto! Miwani na kifyonza moshi pia ni lazima.

Wauzaji wanasema leza inaponya haraka kuliko kisu, kwa ngozi mimi hilo sijaliona, siku za mwanzo kidonda chake kinashika taratibu zaidi. Nyuzi ambazo kwa kisu natoa siku ya 10 hadi 14, za leza naziacha zikae zaidi, mwisho wa siku vyote vinapona tu.

Kama kazi zako nyingi ni kufunga uzazi na kushona majeraha, anza na bledi nzuri na mashine ya umeme yenye bipola (kibanio ambacho umeme unapita kati ya ncha zake mbili tu), leza itafuata ukianza kupata kesi nyingi za mdomoni.