Felco 2: mkasi wa kupogolea unaofunguka wote

Bei ya Felco 2 inashtua ukiiweka kando ya mikasi ya kawaida ya dukani. Tofauti inaonekana pale katikati. Mkasi wa bei nafuu mara nyingi umefungwa kwa ribiti, ikilegea hakuna la kufanya. Huu wa Uswisi, ulioanza kuuzwa 1948, unafunguka wote: kisu, ndoano (taya butu lililopinda linaloshika tawi), springi, nati, hata vimpira vya kupunguza mshtuko mipini inapogongana. Kila kimoja kinauzwa peke yake.

Kuhusu mkono, usiununue kwa sifa. Una urefu wa milimita 215 na uzito wa gramu 240, na ukifunguka mipini inaachana sana. Ufungue wote, ushike: vidole vinne vikiuzunguka mpini vizuri, unakufaa. Kidole cha mwisho kikibaki kinaning'inia, viganja vitauma kabla ya saa sita mchana. Chukua Felco 6, mfupi zaidi, ila unakata hadi milimita 20 badala ya 25. Anayetumia mkono wa kushoto ana Felco 9. Felco 7, yenye mpini unaozunguka, inapunguza malengelenge kwa wanaokata waridi kutwa, lakini ni nzito zaidi na kuizoea kunachukua muda. Kwa bustani ya nyumbani hatuoni haja yake.

Maumivu mengi ya mkono huletwa na ukataji wenyewe. Ingiza tawi ndani kabisa, karibu na nati, siyo kwenye ncha. Kisu kielekee shina linalobaki, kwa sababu upande wa ndoano ndio unaochubua gome. Na usinyonge mkasi tawi likigoma! Kisu na ndoano vitaachana, tawi likunjike katikati badala ya kukatika. Hapo chukua msumeno.

Utomvu ukikauka kwenye kisu mkasi unakuwa mzito, na wengi hukimbilia kulegeza nati. Sugua kwanza kwa kitambaa chenye spiriti. Ukigoma, waya laini wa kusugulia sufuria. Spiriti hiyohiyo inatosha kusafishia mkasi unapotoka kwenye mti mgonjwa. Jiki inaua vimelea pia, lakini inaleta kutu na kula aluminiamu ya mipini.

Kunoa ni upande mmoja tu, ule uliochongwa mshazari. Tumia tupa ndogo ya almasi, ifuate mshazari uleule wa kiwandani, kutoka shinani kwenda nchani, mara tano au sita. Kisha geuza, laza tupa bapa kabisa upande wa nyuma, pitisha mara moja kuondoa unyuzi wa chuma. Anayeinamisha tupa upande huu anaacha mwanya, na majani yatapita bila kukatika. Ndoano hainolewi.

Nati nayo ina meno, imezuiliwa na kipande chenye skrubu. Toa springi, fungua skrubu, ondoa kipande, kaza nati kidogokidogo kwa ufunguo wake. Mipini ifunguke kwa ukinzani mdogo, na kisu kisicheze ukikisukuma pembeni. Rudisha vyote, tone la mafuta ya cherehani kwenye nati.

Ukiagiza kutoka nje, agiza pamoja kisu namba 2/3 na springi 2/11. Springi ndiyo inayoruka na kupotelea kwenye nyasi.