Muziki wa gari wa kujifungia mwenyewe: ununue nini kwanza, nini kisubiri

Gari likitoka Japani likafika Moshi, kasoro ya muziki unaiona siku ileile ya kwanza. Kioo cha redio kinaongea Kijapani, na ukizungusha kutafuta stesheni unapata mbili tatu za mwanzo wa bendi, basi. Redio hizo zimetengenezwa kwa FM ya kwao, megahezi 76 hadi 90, na za miaka ya karibuni hadi 95. Za kwetu zinatangaza kati ya 87.5 na 108. Unakwenda dukani na haraka yako, muuzaji anaiona, anakuvutia sabufa, ile spika kubwa ya besi, kutoka rafu ya juu.

Nilianza hivyo na Toyota IST yangu. Nilibeba sabufa ya inchi 12 kabla sijagusa spika za mlangoni. Buti likajaa boksi, na kwaya niliyokuwa naipenda ikawa mngurumo usio na maneno. Tangu hapo nimefungua milango ya magari mengi ya ndugu na majirani, Carina, Vitz, Noah, na huu ndio mpangilio ninaompa mtu anayeanza, anayenunua kidogo kidogo na kufunga mwenyewe uani Jumamosi.

Bei siziandiki, maana kati ya Moshi na Arusha hazifanani, na duka hadi duka ndiyo kabisa. Nitasema kwa mafungu. Ukiwa na mafungu kumi, matano yaende milango ya mbele, matatu kwenye redio, mawili kwenye nyaya na vifaa vya kazi. Sabufa haimo kwenye kumi hayo. Kama redio yako inashika stesheni na ina Bluetooth, mafungu yake yasubiri.

Nafasi ya kwanza: spika za milango ya mbele, pamoja na mlango wenyewe

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu hakuna shilingi inayosikika kama inayotumika hapa. Toa kava ya mlango uone kilichomo. Skrubu moja imejificha nyuma ya mkono wa kufungulia, nyingine ndani ya kishikio cha kuvutia mlango, halafu kuna klipu kuzunguka ukingo. Anzia chini, ingiza kitu cha plastiki, vuta kwa kiganja karibu na kila klipu mpaka ilie. Siku za baridi ya Arusha, ile ya Juni na Julai, acha gari liote jua kwanza. Plastiki iliyokakamaa kwa baridi inavunjika.

Ndani utakuta nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi, na spika ya kiwandani. Koni yake, ile sehemu inayotikisika, ni karatasi, sumaku yake ndogo kama kifuniko cha chupa ya chai, na kwenye Toyota nyingi imepigwa riveti. Riveti unazitoboa vichwa kwa drili, pole pole, huku umeweka kitambaa chini chembe za chuma zisiingie mlangoni.

Ukubwa wa kununua ni inchi 6 na nusu kwa Toyota nyingi ndogo, lakini pima tundu kabla ya kwenda dukani, na pima kina pia, ukiwa umeshusha kioo mpaka chini. Spika yenye sumaku nene itagusana na kioo. Mara nyingi unahitaji ringi ya kuinyanyua spika. Seremala atakukatia ya plaiwudi kwa muda mfupi. Ipake rangi ya mafuta pande zote, kwa sababu mlango wa gari unaingia maji kila mvua inaponyesha. MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, usiiweke huko, inafura kama mkate kwenye chai.

Dukani, soma maandishi mawili tu kwenye boksi. Moja ni wati za RMS, yaani nguvu ambayo spika inaihimili mfululizo. Namba kubwa iliyoandikwa MAX iache ilivyo. La pili ni desibeli za usikivu, yaani spika inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa nguvu ileile. Spika ya desibeli 92 ikilinganishwa na ya 89, tofauti hiyo ya 3 ni sawa na kuiongezea redio nguvu maradufu. Kwa mtu asiye na amplifaya, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya sauti, tafuta 90 kwenda juu. Kisha omba itolewe kwenye boksi. Sukuma koni taratibu kwa vidole viwili, pande mbili sawasawa. Iende na kurudi bila kukwaruza. Kama una mita ya umeme, weka kwenye om, kipimo cha ukinzani: spika ya om 4 itasoma 3 na kitu. Ikisoma 1 au isiposoma kabisa, mrudishie.

Chagua ile yenye twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, katikati. Zile za twita pembeni zinasikika vizuri zaidi zikifungwa vizuri, ila kuna kuzitafutia mahali pa twita na kupitisha waya wake, na wewe ndiyo unaanza.

Sasa mlango. Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Hewa hizo mbili zikikutana kupitia matundu makubwa ya bati la mlango, zinauana, na kinachokufa ni besi. Watu wengi wanaotafuta sabufa wanatafuta besi ambayo tayari wanayo, imevuja mlangoni. Bandika mati za butili, mpira unaonata, zenye karatasi ya aluminiamu kwenye bati la nje kwa ndani, kisha ziba matundu makubwa ya bati la ndani. Usizibe vitundu vya chini kabisa, ndipo maji yanapotokea. Utepe wa lami wa kuzibia mabati utaambiwa ni uleule. Kwa joto la Moshi, gari likishinda juani, gundi yake inalainika na kutiririka, na harufu yake inabaki ndani. Sponji ya godoro nayo usiijaze humo, inashika maji na mlango unaoza.

Kabla ya kurudisha kava, hakikisha chanya na hasi. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha waya wa spika sekunde moja: koni ikiruka nje, ncha inayogusa chanya ya betri ndiyo chanya. Fanya kulia na kushoto. Mlango mmoja ukigeuzwa, spika moja inasukuma wakati mwenzake inavuta, na besi inapotea tena ingawa kila kitu ni kipya.

Nafasi ya pili: redio

Kuna njia tatu, na naziweka hivi. Bora kwa anayeanza ni redio ya kawaida ya kampuni inayojulikana, yenye Bluetooth, tundu la flashi, na matundu ya RCA nyuma, ya kupelekea sauti kwenye amplifaya ya baadaye. Inafuata ile ya Android ya kioo kikubwa. Inapendeza, ina ramani na kamera ya nyuma, lakini za bei ya chini nyingi sauti yake ni nyembamba na zinachelewa kuwaka. Ya mwisho ni kifaa cha kupanua bendi, kinachochomekwa kwenye waya wa antena na kuzishusha stesheni za juu mpaka redio ya Kijapani izione. Ni rahisi kuliko vyote na kinafanya kazi, ila namba kwenye kioo hazitalingana na za stesheni, na mara nyingi kinaongeza mkwaruzo. Kama kiu yako ni habari na mahubiri ya Sauti ya Injili asubuhi ukielekea kazini, kinatosha.

Upana wa redio uangalie. Toyota za Japani nyingi zina tundu la milimita 200, na redio nyingi za dukani ni 178. Nafasi inayobaki pembeni inazibwa na vipande vya plastiki. Waambie wakupe palepale. Omba pia soketi ya Toyota, ile ya pini 10 na pini 6, ili usikate nyaya za gari. Anayekata soketi ya kiwandani anamwachia shida atakayelinunua gari hilo.

Kabla ya kugusa chochote, fungua hasi ya betri kwa spana namba 10. Soketi za njano zilizofunikwa vizuri kwenye usukani na dashibodi ni za mifuko ya hewa, hizo hazikuhusu. Kwenye waya wa redio mpya, njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa swichi, nyeusi ni ethi, unaokwenda kwenye bati la gari. Ukikuta redio inasahau saa na stesheni kila ukizima gari, umebadilisha njano na nyekundu.

Usiamini "50W x 4" iliyo usoni. Redio inayotegemea volti 14 za gari, kwenye spika ya om 4, inatoa wati 15 hadi 20 safi kwa kila spika. Zinatosha. Kwa milango iliyozibwa matundu na yenye spika sikivu, mtaenda Moshi hadi Arusha, kilomita 80, bila mtu kuomba uongeze sauti.

Nafasi ya tatu: sabufa bapa ya chini ya kiti

Ukishakaa na hizo mbili mwezi mzima na bado unatamani besi, nunua hii. Amplifaya imo ndani yake, buti linabaki la mizigo, na inakula umeme kidogo. Pima urefu kutoka sakafu hadi chini ya kiti, kisha sogeza kiti mbele na nyuma uone kama hakigusi. Wenye Noah ya zamani, ile ambayo injini iko chini ya viti vya mbele, fikirieni viti vya nyuma.

Nafasi ya nne: amplifaya, na nyaya zake

Kwenye duka moja la Arusha kijana aliniambia, "Kaka, hii ni wati elfu mbili, itakutoa machozi." Nikamwomba aigeuze. Pembeni ilikuwa na fyuzi moja ya ampea 30. Hesabu unaifanya umesimama palepale: 30 mara volti 14 ni wati 420, na hizo ndizo zinazoingia. Kama ni ya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi, itatoa kama 330. Kama ni AB, inayopoteza mwingi kuwa joto, nusu tu au zaidi kidogo. Nilimwonyesha kwenye simu, akanyamaza, akanitolea nyingine ndogo iliyoandikwa ukweli. Fyuzi ni shahidi usiyemlipa, isome kila mara.

Nyaya nazo. Kifurushi changu cha kwanza kilikuwa na waya mnene wa kuvutia, mwekundu unaong'aa. Nilipita Boma Ng'ombe usiku, kila besi ikipiga taa zinafifia, kisha nikasikia harufu. Nilisimama, nikafungua boneti, plastiki ya waya ilikuwa imelainika penye kona, na fyuzi haikuwepo. Nilipoukata nyumbani, ganda lilikuwa nene kuliko shaba, na ile "shaba" nikiikwaruza kwa kisu ndani ni nyeupe. Aluminiamu iliyopakwa. Inapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba ya kweli.

Kwa hiyo nenda na kisu, mwombe muuzaji ruhusa ya kukwaruza uzi mmoja. Au ingia duka la vifaa vya umeme ununue waya wa mashine ya kuchomelea, milimita 16 za mraba, shaba tupu, unakatiwa kwa mita. Unakunjika kirahisi na kwa amplifaya ya ampea 30 au 40 unatosha kabisa. Uvishe bomba la plastiki kwenye chumba cha injini, na raba pale unapopenya bati.

Fyuzi iwe ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Kazi yake ni kuulinda waya usiunguze gari, kwa hiyo ikae mwanzo wa waya, siyo kule kwenye amplifaya. Ethi iwe fupi, chini ya nusu mita, kwenye bati lililokwanguliwa rangi mpaka ling'ae. Waya wa umeme upite upande mmoja wa gari na nyaya za RCA upande mwingine. Ukisikia mluzi unaopanda na kushuka na mguu wako kwenye mafuta, rudi kwenye ethi kabla hujalaumu redio.

Kitufe cha geini kwenye amplifaya kiko pale kuilinganisha na redio. Kiache chini kabisa, weka redio robo tatu ya sauti, piga wimbo wa kwaya unaoujua vizuri, pandisha mpaka sauti za alto zianze kukwaruza, kisha rudisha kidogo. Ukizidisha hapo, twita ndizo zinazoungua kwanza.

Nafasi ya mwisho: spika za 6x9 za nyuma na sabufa kubwa ya boksi

Za nyuma, zile za umbo la yai za inchi 6 kwa 9, kwa mwenye Carina au Premio, zinawapigia abiria migongoni huku sauti ya mwimbaji ikikuvuta nyuma ya kichwa. Kama gari lilikuja nazo, zipunguze kwenye redio. Sabufa ya inchi 12 ni ya baadaye sana: inataka altaneta yenye nafasi, betri nzima, na buti ambalo huna mpango wa kubebea ndizi kutoka Marangu.

Kila unapolipa, dai risiti ya EFD na uiweke ndani ya boksi la kifaa. Spika yenye kasoro huonekana wiki ya kwanza, na mwenye duka atakupokea vizuri ukiwa umeishika karatasi hiyo.